Huku hawaulizi gari inakula mafuta kiasi gani

Niko Houston, Marekani, mwaka wa tisa sasa na kitu ambacho bado sijakizoea ni jinsi watu wanavyonunua magari. Dar ukisema tu umepata gari swali la kwanza cc ngapi, la pili lita moja inaenda kilomita ngapi, ndo maana IST na Vitz, zile Toyota ndogo, zimejaa kila mtaa, na ushuru nao unapanda injini ikiwa kubwa. Huku jirani yangu anaishi peke yake ana pikapu ya V8, injini ya silinda nane, na kule nyuma sijawahi kuona amebeba hata gunia moja.

Sio kwamba hawajui shida. 1973 Waarabu walipowakatia mafuta walipanga foleni sheli, 1975 ikaja sheria ya kuwabana watengenezaji, gari ndogo zikatakiwa zifike wastani wa maili 27.5 kwa galoni (kama kilomita 12 kwa lita) ikifika 1985, Wajapani ndo wakatamba hapo. Ila pikapu na SUV ziliwekwa kundi la malori mepesi, zikapewa masharti laini, halafu mafuta yakashuka bei watu wakasahau. 2008 galoni ikapita dola 4 kila mtu analia anatafuta Prius, ile Toyota ya mafuta na umeme, bei iliposhuka wakarudi kulekule. 2018 Ford wakatangaza wanaacha kuuza gari za saluni Marekani!

Sisi hatujawahi kupata nafasi ya kusahau. Enzi za Mwalimu ilifika mahali gari binafsi zikakatazwa kutembea Jumapili mchana. Baba alikuwa na Peugeot 504, tukishuka Lushoto kwenda Mombo anazima injini kabisa, gari linaserereka kwenye kona zile, unasikia upepo tu na mama anasali chinichini (jamani msiige, injini ikizimwa breki zinakuwa ngumu mno). Wengine wanaita huo umaskini, mimi sikubali, ni watu wanaojua bei ya kila lita wanayochoma.

Juni 2022 wastani wa bei ya galoni Marekani nzima ukapita dola 5, yaani kama dola 1.3 kwa lita, karibu sawa kabisa na Dar mwezi huohuo. Jamaa mmoja kazini akaja kuniuliza Corolla yangu najaza kwa shilingi ngapi, nikamwonyesha risiti, dola 58. Yeye asubuhi ile alikuwa ametoa 120 na kitu. Akashika kichwa, akasema wiki hiyohiyo anauza pikapu.

Krismasi bei ilikuwa imeshashuka, na pikapu anayo mpaka leo.