Mbao au sensa? Kina cha mto bado si mtiririko

Kwenye mito inayoingia bonde la Usangu, kusini mwa Tanzania, ubishi ni uleule: abaki msomaji wa mbao (ubao wenye alama za kina uliosimikwa mtoni) anayeshuka mtoni saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, au ifungwe sensa, yaani kifaa cha kielektroniki kinachorekodi kina kila dakika 15?

Wa sensa wana hoja. Kimani na Chimala ni mito ya mlimani. Mvua ya jioni huijaza usiku na asubuhi maji yameshashuka. Kilele hakiandikwi popote. Na wapo wasomaji wanaojaza daftari nyumbani: ukikuta mita 0.64 siku kumi mfululizo katikati ya masika, hapo hakuna aliyeshuka mtoni.

Ila sensa nayo ina uongo wake. Ile ya mgandamizo isiyo na bomba la hewa hupima maji pamoja na hewa iliyo juu yake. Hewa ikibadilika milibari 10 na usiitoe kwa baromita, umepata sentimita 10 za maji yasiyokuwepo. Rada inayoning'inia darajani haiguswi na tope, lakini mto ukikauka hupima mchanga. Ruaha Mkuu, unaokauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, huacha madimbwi. Sensa iliyo dimbwini inatuma sentimita 30 kila siku. Msomaji anaandika neno moja: "hayatembei."

Kwangu, kinachoumiza zaidi ni kwamba vyote viwili vinatoa kina tu. Mtiririko, yaani kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde, unapatikana kwa kuingia majini: unavuta kamba ng'ambo hadi ng'ambo, unagawa mto vipande 20 hivi, kila kimoja unapima kina na mwendo. Maji ya chini ya nusu mita, mita ya mwendo (kifaa cha kupima kasi ya maji) inakaa asilimia 60 ya kina kutoka juu. Yakizidi hapo, unapima asilimia 20 na 80 kisha unachukua wastani. Kipande cha upana wa mita 2, kina mita 0.8, mwendo mita 0.45 kwa sekunde, kinapitisha mita za ujazo 0.72 kwa sekunde. Masika ikihamisha mchanga, jedwali la mwaka jana la kugeuza kina kuwa mtiririko limekufa, hata sensa iwe ya bei gani. Bajeti inayonunua sensa ikasahau dizeli ya timu ya vipimo siiungi mkono.

Vyote vikiwepo, mbao ndiyo hakimu. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 2, usianze kuchokonoa sensa. Pima kwanza sifuri ya mbao dhidi ya alama ya zege ukingoni, ambayo kimo chake kinajulikana. Mara nyingi gogo la mafuriko limeshaiinamisha.