Gari Langu Likifika Tisini

Leo asubuhi kijana anayeniuzia vocha hapa Isevya, ambaye kwa ninavyomfahamu hajawahi kumiliki hata baiskeli, ameniambia kwa utulivu wa daktari bingwa kwamba mtetemo wa gari langu unatokana na mafuta mabaya. Nilimshukuru, nikachukua chenji yangu nikaondoka, kwa sababu mtu wa umri wangu habishani kibandani. Lakini moyoni nilijiuliza: hivi katika Manispaa nzima ya Tabora amebaki nani ambaye hajalitolea hukumu gari hili?

Gari lenyewe ni la mtumba, lilikuja kutoka Japani likiwa limekwisha kutumikia watu wengine, na kwa mizunguko ya mjini halina neno. Kutoka nyumbani hadi stesheni linateleza mpaka unajisikia mheshimiwa. Tatizo huanza ukishautoka mji, ukaishika lami ya Nzega, na mshale ukagusa 90. Hapo usukani unatetemeka mikononi kama mgonjwa wa malaria aliyecheleweshwa nyumbani. Ukifika 110 unatulia kabisa, ukirudi 90 unaanza upya. Kwa maneno mengine, gari linanitaka ama niitii sheria kupita kiasi, ama niivunje moja kwa moja.

Muuza shokapu alisema ni shokapu. Muuza bushi alisema ni bushi, tena akazitoa kabla sijamaliza sentensi. Jirani yangu, mstaafu wa reli, alisema niuze, kwa kuwa behewa halina matatizo hayo. Shemeji yangu aliuliza kwa sauti ya chini kama aliyeniuzia tuliachana kwa wema. Fundi wa kwanza akabadilisha tairodi endi zote mbili, zile ncha zinazounganisha usukani na magurudumu, pamoja na mpira mmoja unaokalia injini, akabaki na vile vya zamani, na usukani ukaendelea na shughuli zake palepale kwenye 90.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mtetemo uko kwenye usukani au uko kwenye kiti? Unakuja ukikanyaga breki, ukikanyaga mafuta, au muda wote? Ukija kwenye breki peke yake, mtu anatazama diski. Ukija unapovuta mafuta na kukoma unapoyaachia, mtu anaanza na jointi za shafti zinazozungusha magurudumu. Gari likitetemeka limesimama na injini inanguruma, hapo mipira ya injini ina kesi ya kujibu. Lakini mtetemo unaochagua mwendo wake, ukaja hapo na kupotea ukiupita, mara nyingi ni wa gurudumu lililopoteza mizani yake. Haya si siri za jeshi. Ni maswali ambayo hayagharimu hata shilingi, na nadhani ndiyo maana hayaulizwi.

Fundi wa pili, ambaye ofisi yake ni kivuli cha mwembe, alitangaza kwamba ugonjwa hausimuliwi, unasikilizwa, na kwa hiyo twende barabarani. Tukaingia: mimi kwenye usukani, fundi pembeni yangu, mwanafunzi wake nyuma, na mama mmoja mwenye galoni la asali aliyekuwa amesimama pale kwa shughuli zake, akasikia tunaelekea njia ya Nzega, akasema atashukia Isikizya. Kumkatalia sikuweza, kwani alikwisha kukaa.

Tulipotoka nje ya mji fundi aliteremsha kioo, akatoa kichwa na bega ili alitazame gurudumu likizunguka, na akamwamuru mwanafunzi alale chini kati ya viti, sikio kwenye zulia. “Ongeza, mzee,” alipiga kelele kutoka huko nje. Nikaongeza. “Bado sisikii!” Nikaongeza tena. Usukani ukaanza. “Huo hapo! Shikilia hapohapo!” Mama akalikumbatia galoni lake, akasema, “Baba, gari limekataa hili, niteremshe.” Mimi nikashikilia hapohapo, kwa utii wa mgonjwa, na katika utii huo sikukiona kibao cha 50.

Askari aliyetokea nyuma ya mti alikuwa kijana mwenye adabu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, afande.”

“Tochi inasema 92, na hapa ni 50.”

“Ni kweli, afande, lakini nilikuwa napima ugonjwa, na kwa 50 gari hili ni zima.”

Akalitafakari hilo kwa muda. “Na huyu aliyetoa kichwa nje?”

“Ni fundi. Anasikiliza.”

“Na huyo aliyelala chini?”

“Ni mwanafunzi wake. Naye anasikiliza.”

“Na mama?”

“Mimi nashuka Isikizya,” mama akajibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu asiyetujua.

Askari akauliza, “Unatetemeka usukani au kiti?” Nusura nimkumbatie. Nikamjibu usukani, bila breki, kuanzia 90. Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, akaingiza mkono kwa ndani ya rimu, akabandua donge la udongo mkavu lililojaa kiganja, udongo mwekundu wa njia ya shambani kwangu uliokuwa umeganda humo tangu mvua. Kisha akanionyesha alama mbili safi kwenye chuma. “Hapa palikuwa na risasi za balansi, vile vipande vizito vya kusawazisha gurudumu, zimedondoka. Hamishia haya matairi ya mbele nyuma. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, ujue ugonjwa uko kwenye magurudumu, kisha nenda kapige balansi.” Baada ya hapo akaniandikia 30,000 ya mwendo. Ya mwanafunzi kulala bila mkanda alinisamehe, alisema, kwa heshima ya mvi.

Tulipoondoka fundi alirudisha kichwa ndani, akafunga kioo, akasema, “Hicho ndicho nilichokuwa nataka kukwambia, mzee.” Na jioni alidai pesa ya kusikiliza.

Nikayahamisha matairi, na mtetemo ukahamia chini ya makalio kama ulivyotabiriwa. Kwenye balansi kulikuwa na foleni, kisha umeme ukakatika, kisha ukarudi. Mwenye mashine alilizungusha gurudumu, akakunja uso, akasema risasi atagongelea lakini tairi lenyewe limevimba ubavuni, na tairi lililovimba halitibiwi kwa risasi hata ungegongelea kilo nzima. Akanionyesha tarakimu nne za mwisho ubavuni: 3512, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2012. Tairi hili limeanza kazi kabla Kulwa na Doto hawajazaliwa!

Mama Kulwa anauliza kwa nini nisiende 80 tu, kwani huko Nzega nakimbilia nini. Ni swali la haki kabisa, ndiyo maana limenikasirisha. Nimekwenda kwa muuza matairi, naye akanitolea jozi inayong'aa, imepakwa dawa nyeusi mpaka unajiona. Nikainama nikasoma tarakimu: 1411. Nikamwambia, ndugu yangu, hili ni kongwe kuliko ninaloliacha. Akachukua miwani yangu, akasoma, akanirudishia, akasema kama nataka kichanga niende hospitali ya Kitete.

Tunabishana bei tangu saa nne, na harusi ya Igunga, huko mbele ya Nzega, ni Jumamosi.