Ufunguo anao meneja

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya binamu yangu, ukumbi mkubwa, wa bei ya kukopea. Nikitafuta choo nikaiona ukutani: mashine ya kushtua moyo, ndani ya kisanduku cha kioo. Nikasimama kuishangaa kama mshamba. Halafu nikaliona kufuli, nikamuuliza mlinzi.

"Kaka, hii ikihitajika inafunguliwaje?"

"Ufunguo anao meneja, bosi."

"Yuko wapi?"

"Wikiendi huwa haji."

Ukumbi wa harusi, jamani! Wenye kazi siku zipi kama si wikiendi? Basi wageni waalikwa, mioyo yenu isimame Jumatatu hadi Ijumaa, saa za ofisi.

Moyo ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila mtu kukandamizwa kifua na kushtuliwa, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Sasa piga hesabu ya kumtafuta meneja kwa simu, halafu ongeza foleni ya kwenda Muhimbili. Machi 2012 Fabrice Muamba, mchezaji mpira wa Bolton ya Uingereza, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani kwa Tottenham. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Walianza kumshughulikia pale pale nyasini, kifua na umeme, wala hawakupoa njia nzima hadi hospitali. Yu hai mpaka leo. Hakuna aliyetumwa kufuata ufunguo.

Baba yangu mdogo alianguka kwenye kikao cha ukoo. Tulimpepea. Tukammwagia maji. Mmoja akasema kichomi, mwingine akaleta kitunguu anusishwe. Watu wazima zaidi ya thelathini, na hakuna hata mmoja aliyegusa kifua chake. Sisemi angepona. Nasema tulimpepea.

Kwa hiyo nataka sheria, na iseme wazi kwamba mashine iwe mahali ambapo mtu yeyote anaifikia, bila kufuli. Mtungi wa kuzimia moto tumeuweza: upo ukutani, una stika, Zimamoto wanapita kukagua na kudai ada yao (hilo hawasahau kamwe). Ofisa huyohuyo akishaangalia mtungi, ageuze shingo aangalie kama betri ya mashine ni nzima na zile pedi za kifuani hazijapitwa na tarehe.

Mtasema itaibiwa. Haya, itaibiwa, nchi naijua. Weka king'ora kinacholia kisanduku kikifunguliwa. Mtasema watu wataitumia vibaya. Inapima moyo yenyewe, na ikiona hauhitaji umeme haishtui. Mtasema bei. Hapo nanyamaza kidogo, maana ni milioni kadhaa na msikiti wa mtaani kwetu bado unachangisha mabati. Waanze wenye kumbi, wanaotoza mamilioni kwa usiku mmoja na soda bado unanunua mwenyewe.

Na izungumze Kiswahili! Mashine hizi hukuelekeza kwa sauti, hatua kwa hatua, ndiyo maana hata asiye daktari anaweza kuitumia. Ile ya Jumamosi maandishi yake yote yalikuwa Kiingereza, na sauti yake sina shaka ni hivyohivyo. Shangazi zangu waliokuwa wanacheza kwaito hatua kumi kutoka pale wangeelewa nini?

Nilimwomba mlinzi namba ya meneja, nikamwandikia usiku uleule, kwa adabu zote, na shikamoo juu. Leo Jumatano. Tiki mbili za bluu, kimya.