Feromoni kwa nusu eka peke yako ni kutupa pesa

Msimu uliopita nilitundika feromoni (vijiti vya harufu ya nondo jike) za kuzuia nondo wasipandane kwa nusu eka yangu ya avokado huku Bahati, na bado nikavuna matunda yana matundu. Niliumia sana. Lakini hiyo kitu inafanya kazi jamani, shida ni ukubwa wa ploti zetu.

Usiku dume wa nondo anamtafuta jike kwa kufuata harufu yake. Sasa ukijaza shamba na vile vijiti vya plastiki vinavyotoa harufu hiyo hiyo, dume anazunguka tu, kila upande kunanukia jike na jike mwenyewe hampati, kwa hivyo hakuna funza wa kutoboa tunda. Na ujue funza akishaingia ndani dawa haimfikii tena. Hapa hakuna sumu, nyuki wanaendelea na kazi yao kwa maua, na mwenye avokado anajua bila nyuki hali inakuwaje. Halafu tusichanganye hii na mtego wa gundi wa agroveti, ule ni wa kukuonyesha nondo wamefika, hata ukinasa madume 30 yule mmoja aliyebaki bado anaweza kupanda majike kadhaa.

Sasa jike aliyepandwa kwa jirani hana haja na dume tena, anavuka ua anakuja kutaga kwako, na harufu yako yote haimzuii. Na huyu nondo wetu, FCM (false codling moth), hachagui, anaingia machungwa, mapera, pilipili hoho, makadamia, hata mahindi. Ulaya ni mdudu wa karantini, funza mmoja anaweza kufanya mzigo mzima ukataliwe.

Marekani, mwaka 1995, wakulima wa matufaha wa Washington, Oregon na California walianza kuungana shamba kwa shamba kupigana na nondo wao kwa njia hii, na hao wana mashamba makubwa! Sisi wa nusu eka tunajaribuje mmoja mmoja? Kikundi kinunue pamoja, mteremko mzima utundikwe ndani ya wiki moja hiyo hiyo, kabla nondo hawajazidi, na kaunti ikitaka kutusaidia iweke pesa hapo.

Kwetu tuko majirani sita. Tumeanza kuokota matunda yaliyoanguka, tunayafunga kwa mifuko meusi tunaweka juani kabla funza hajaingia udongoni. Tunamngoja mwenye mipera kule chini karibu na mto, huyo akikubali ndio tutanunua.