Mmemsahau Mirale Bey
Makala yenu kuhusu Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, ni nzuri lakini hapo mnaposema Wareno waliijenga 1593 "kulinda biashara" mmeruka kisa chenyewe jamani. Miaka minne tu kabla, 1589, Mirale Bey yule nahodha Mturuki alikuwa Mombasa na merikebu zake tano, watu wa pwani wengi wako upande wake, mara Wareno wakaja kutoka Goa kule India na meli kama 20, na huku bara pale kivuko cha Makupa Wazimba, wale wapiganaji wa kutoka bara, wamejaa wanasubiri kuvuka. Sasa wewe mtu wa Mombasa siku hiyo unakimbilia wapi? Mbele mizinga nyuma mikuki, watu walijitosa baharini kufuata meli za haohao Wareno waliowachomea mji! Mirale Bey akakamatwa akapelekwa Lisbon. Halafu Wasegeju, watu wa hukuhuku pwani, ndo waliowapiga Wazimba kule Malindi, hao nao hamkuwataja hata kwa mstari mmoja, na mimi bibi yangu ni Msegeju inaniuma kweli. Nilipowapeleka wanangu ngomeni waligusa ule ukuta wa matumbawe wakaniuliza nani alipigana hapa, kibao tulichosimama mbele yake kilitaja Wareno tu.