Ganzi kwa mtoto: mabomba mawili, hesabu moja

Mtoto wa kilo nane yuko mezani, anafanyiwa upasuaji wa ngiri. Akishasinzia, daktari wa usingizi anamgeuza ubavu na kumdunga dawa ya ganzi, bupivakeini ya asilimia 0.25, penye kifandugu, mililita nane. Kila mililita ina miligramu 2.5, kwa hiyo amepata miligramu 20. Kiwango cha juu cha dawa hii ni miligramu 2.5 kwa kilo moja ya uzito, yaani miligramu 20 hizo hizo. Baadaye mpasuaji anayefunga kidonda anaomba ganzi kidogo ya kuzungushia mshono, anapewa mililita tatu za dawa hiyo hiyo kutoka kwenye chupa ya asilimia 0.5. Hizo ni miligramu 15. Kila mmoja ukimtazama peke yake hajavuka mpaka, lakini mtoto amebeba 35.

Wanaoiogopa ganzi kwa watoto wana hoja nzito. Dawa haibaki pale ilipodungwa. Huingia kwenye damu, haraka sana ikidungwa kati ya mbavu, polepole ikiwa chini ya ngozi. Humo nyingi hushikwa na protini, na ile iliyobaki huru ndiyo inayofika kwenye ubongo na moyo. Kichanga ana protini hizo chache, na ini lake halijakomaa kuivunja dawa. Ndiyo maana chini ya miezi sita dozi hupunguzwa. Kichanga wa umri huo anayewekewa mrija wa kumtiririshia ganzi baada ya upasuaji hupewa miligramu 0.2 kwa kilo kwa saa, nusu ya kiwango cha mtoto mkubwa, maana dawa hujilimbikiza siku hadi siku. Linalonitia hofu zaidi ni ukimya. Mtu mzima atakwambia ulimi umekufa ganzi, masikio yanavuma. Mtoto aliye usingizini hasemi kitu, na dalili ya kwanza inaweza kuwa degedege au mapigo ya moyo kuvurugika.

Lakini kumnyima ganzi nako kuna gharama, na anayeilipa ni mtoto. Hadi miaka ya 1980 vichanga wengi walipasuliwa kwa dawa hafifu, watu wakiamini hawasikii maumivu sawasawa. Mwaka 1987 Anand na wenzake, huko Oxford, walionyesha kuwa njiti waliotulizwa vizuri wakati wa upasuaji walipata misukosuko michache kuliko wenzao. Dawa mbadala nazo zina hatari zake: mofini ikizidi hudhoofisha pumzi, na mwaka 2017 Marekani ilizuia kodeini kwa walio chini ya miaka 12 baada ya vifo. Mtoto mwenye ganzi huamka ametulia na hunyonya mapema.

Takwimu ziko upande wa ganzi. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2018, wenye sindano za ganzi zaidi ya 100,000 kwa watoto, ulikuta sumu kali chini ya mara moja katika kila 10,000, wengi wa waliopata sumu hiyo wakiwa wachanga. Naziamini. Ila hizo ni hospitali zenye mizani, mashine ya ultrasaundi na dawa ya kuokoa anayepata sumu iliyo karibu. Hospitali isiyo na hivyo isijivike namba hiyo. Ipunguze dozi, isiiache ganzi.

Kwangu mimi, kinachopungua zaidi ni mwenye hesabu. Jumla ya miligramu ishikwe na mtu mmoja, iandikwe ubaoni ukutani, na hata mpasuaji akitumia lignokeini, dawa nyingine ya ganzi, ihesabiwe pamoja na bupivakeini, kwa kuwa sumu za dawa hizi mbili hujumlishana. Uzito upimwe asubuhi ile ile, usinakiliwe kutoka kadi ya kliniki ya miezi miwili nyuma. Wodini, faili lionyeshe saa na kiasi, ili anayeitwa usiku mtoto akilia asiongeze dozi kwa kukisia, na parasetamoli ianze kabla ganzi haijaisha.

Na ile dawa ya kuokoa, mmumunyo wa mafuta wa asilimia 20 unaodungwa mshipani, huanza na mililita 1.5 kwa kilo. Kwa mtoto wetu ni mililita 12. Chupa yake ikae ndani ya chumba cha upasuaji, kwa sababu moyo ukisimama hakuna muda wa kumtafuta mwenye ufunguo wa stoo.