Marekani Ilikuwa na Jibu Mkononi

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, magari mawili yaliyosheheni baruti yalilipuka, yakipishana kwa dakika chache tu, kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213 na Dar es Salaam 11, na kati ya wote hao Wamarekani walikuwa 12 tu. Wengine walikuwa makarani, walinzi, wapita njia na watu waliofukiwa na jengo la Ufundi lililoporomoka ubavuni mwa ubalozi wa Nairobi. Ninaanzia hapo, wala si mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kwa sababu naamini kuporomoka kwa heshima ya Marekani hakueleweki vizuri mpaka mtu akumbuke jinsi taifa hilo lilivyoishughulikia kesi yetu.

Ni kweli kwamba Rais Clinton alirusha makombora Afghanistan na Sudan, na kwamba kiwanda cha Al-Shifa kilichopigwa Khartoum kilikuwa kikitengeneza dawa, hilo silitetei. Hata hivyo, kazi kubwa ilifanywa na wapelelezi na waendesha mashtaka. Watuhumiwa, akiwemo Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999, walifikishwa kizimbani Manhattan, wakapewa mawakili, ushahidi ukasikilizwa hadharani, na mwishoni mwa Mei 2001 wote wanne wakatiwa hatiani. Mahakama hiyo ni mwendo wa miguu tu kutoka ilipokuwa minara miwili ya New York. Walipohukumiwa kifungo cha maisha mwezi Oktoba, kifusi cha minara hiyo kilikuwa bado kinafuka moshi.

Jibu lilikuwa mkononi, na likatupwa. Siku tatu baada ya Septemba 11, Bunge la Marekani lilimruhusu Rais Bush kutumia jeshi dhidi ya wote waliohusika, kwa maneno mafupi yasiyotaja nchi wala ukomo wa muda. Katika Baraza la Wawakilishi ni mtu mmoja tu, Barbara Lee wa California, aliyepiga kura ya hapana. Kibali hicho hicho ndicho kilichokuja kutumika kuhalalisha mashambulizi ya ndege zisizo na rubani Somalia, dhidi ya Al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwepo.

Kuhusu fedha sitasema mengi, maana hesabu inajieleza. Tume iliyochunguza Septemba 11 ilikadiria kwamba shambulio lile liliwagharimu wapangaji wake kati ya dola 400,000 na 500,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walikadiria mwaka 2021 kwamba vita vilivyofuata vimeigharimu Marekani dola trilioni 8, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, kwa kuwa serikali ya Bush ilipunguza kodi huku ikipigana. Osama bin Laden mwenyewe alitamka mwaka 2004 kwamba lengo lake ni kuivujisha damu Marekani mpaka ifilisike. Wakati huo huo China, iliyojiunga na Shirika la Biashara Duniani tarehe 11 Desemba 2001, ilikuwa ikijenga viwanda.

Hasara iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya sheria na ya kuaminika. Mzanzibari mwingine aliyetuhumiwa kwa milipuko ile ile, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha akapelekwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani nchini Kuba. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu, Mtanzania aliyekuwa tayari kueleza kwamba ndiye aliyemuuzia baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mtuhumiwa. Ghailani akafutiwa mashtaka zaidi ya 280 na kukutwa na hatia katika moja tu, ingawa hilo moja lilitosha kumfunga maisha. Mateso, ambayo yalisemekana kuwa njia ya mkato ya kuupata ukweli, ndiyo yaliyouzuia usisikike mahakamani.

Wapo watakaonikumbusha kwamba dola bado inatawala masoko na kwamba shambulio la ukubwa ule halijarudiwa, nami nakubali. Lakini neno la Washington limepungua uzito. Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, Tanzania, Uganda na Burundi hazikupiga kura upande wowote. Sidai kwamba uvamizi wa Marekani nchini Irak mwaka 2003, uliotetewa kwa madai ya silaha za maangamizi, ndio ulioziamulia, ila katika kila baraza la kahawa nililokaa mwaka huo, mtu akiutaja uvamizi tu, mwenzake alimuuliza silaha za maangamizi za Saddam zilionekana wapi.

Tangu Nairobi ilipolipuliwa hadi hukumu ya hatia ilipotolewa, haikufika miaka mitatu. Khalid Sheikh Mohammed, anayetajwa kuwa mpangaji mkuu wa Septemba 11, alikamatwa Machi 2003 na akamwagiwa maji ya kumkaba pumzi mara 183 ndani ya mwezi huo mmoja. Zaidi ya miaka 20 baadaye, familia za watu karibu 3,000 zilikuwa bado zinasubiri kesi yake isikilizwe.